Kabla ya kuongeza pleti nyuma ya Hilux

Pikapu ikianza kulala nyuma, dawa inayojulikana kwenye gereji karibu zote za Tanzania ni moja: ongeza pleti, yale mabamba ya chuma yanayopangwa kufanya springi ya nyuma. Fundi anafungua yubolti, zile bolti zinazoifunga springi kwenye ekseli, anachomeka pleti moja au mbili zilizotolewa kwenye gari lililokufa, anakaza, na jioni hiyohiyo gari limesimama mkia juu. Wapo wachache wanaosema nyuma ya pikapu iachiwe ulaini wake, na fedha ziende kwenye shokapu nzuri, zile bomba za mafuta zinazotuliza mtikisiko, na springi zinazolingana na mzigo halisi wa gari. Hao huonekana watu wa starehe, wa kupeleka familia matembezini au watalii mbugani, wasiojua uzito wa gunia la viazi. Nadhani wanaonewa. Wanachokitetea ni tairi kubaki chini muda wote, na hilo linamhusu mbeba viazi kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuanze lakini na haki ya mwenye pleti, maana anayo. Hilux imetengenezwa kubeba kama tani moja, lakini mwenye mazao shambani hapakii kwa kuangalia kitabu cha gari. Mizani za barabarani katika Afrika Mashariki zinahusu magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500, na pikapu nyingi kikomo chake kiko chini ya hapo, kwa hiyo hakuna anayezipima. Springi laini ikizidiwa, ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, inagonga chasisi kila kwenye tuta, na mwisho wake ni ufa. Mzigo mrefu wa ndizi au mkaa juu ya springi laini unayumba kwenye kona. Zaidi ya hayo, pleti inapatikana kila mji, na fundi yeyote anaifunga kwa spana na jeki.

Kuna na hoja ya kiufundi ambayo wapinzani wa pleti hupenda kuiruka. Springi za pleti zinafanya kazi mbili: zinabeba mzigo na zinaishika ekseli mahali pake. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli inataka kujizungusha, na springi nyembamba hujikunja mithili ya herufi S, kisha hujirudisha kwa kishindo. Tairi linaruka na kurudi, linachimba badala ya kuvuta. Springi ngumu hupunguza hilo. Tena Nissan walipoacha pleti na kuweka springi za kuzunguka nyuma ya pikapu yao ya Navara iliyotoka mwaka 2014, wateja wa Australia walilalamika kwamba gari linalala likivuta tela au kupakia, na kampuni ikalazimika kuziimarisha mwaka 2017, kisha ikazirekebisha tena 2018. Ulaini peke yake si jibu.

Lakini gari hilohilo linarudi tupu, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Chukua mfano rahisi. Pikapu ikiwa tupu, springi za nyuma tuseme zinabeba kilo 550, ikijaa, 1,450. Springi za kiwandani zishuke sentimita moja kwa kila kilo 60. Kutoka tupu hadi kujaa, nyuma inashuka sentimita 15, na hicho ndicho kinachomsumbua mwenye gari. Ongeza pleti mpaka ugumu uongezeke kwa theluthi, yaani kilo 80 kwa sentimita, na gari litashuka 11 tu. Hadi hapo mwenye pleti ameshinda.

Sasa tazama gari tupu. Springi ya kiwandani chini ya kilo zile 550 imebanwa sentimita 9. Ile iliyoongezwa pleti imebanwa chini ya 7. Huo mbano ndio akiba pekee ya kulisukuma tairi chini linapokutana na shimo. Tairi likidondoka kwenye shimo la sentimita 7, springi ya kiwandani bado ina sentimita mbili za kusukuma. Ile ngumu imekwishiwa, na kinacholishikiza tairi ardhini ni uzito wa ekseli tu. Tairi lisilosukumwa halivuti, halisimamishi gari, wala halishiki kona. Dereva anaona gari limemtoka nyuma kwenye kona ya changarawe anayoipita kila siku, analaumu matairi, wakati matairi yake hayajaisha. Na kwa kuwa nyuma sasa ni ngumu kuliko mbele, mkia ndio unaoachia kwanza, jambo ambalo madereva wengi hawajui kulirudisha.

Hesabu hiyo inabana zaidi kwenye tope. Barabara ya shambani wakati wa masika haina usawa. Gurudumu moja liko kwenye mkondo, jingine juu ya tuta. Ekseli inayoweza kuinama inayaacha yote mawili chini. Springi zikiwa ngumu, ekseli haiinami, gurudumu moja linabaki likigusa kidogo tu, na difu ya kawaida, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, kwa tabia yake inapeleka mzunguko kwa lile lililo jepesi. Linazunguka bure, jingine limetulia. Watu wanashuka kusukuma gari ambalo kwa springi zake za awali huenda lingetoka lenyewe. Mwenye loki ya difu, inayoyalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja, atapona, wengine hawana.

Halafu kuna vile vimawimbi vya barabara ya vumbi. Aliyepita kati ya Ngorongoro na Serengeti anavijua: vimepangana, kila kimoja kama sentimita 75 kutoka kwa mwenzake. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa tairi linapigwa mara 11 kila sekunde, na ekseli nzito ya nyuma ikiwa juu ya matairi yake kwa asili hurukaruka kati ya mara 10 na 12 kwa sekunde. Barabara inaipiga kwa mdundo wake wenyewe. Springi haiwezi kuzuia hilo, iwe ngumu au laini. Kazi hiyo ni ya shokapu. Tena pleti zikiwa nyingi, msuguano kati yao ni mkubwa kiasi kwamba pigo dogo haliwezi kuzisogeza, na mtikisiko wote unapanda moja kwa moja kwenye chasisi.

Pamoja na hayo, shokapu ndiyo kitu cha mwisho kubadilishwa. Lala chini ya pikapu yoyote ya mzigo uangalie: vumbi limeganda na kuwa tope jeusi upande mmoja wa bomba, maana yake mafuta yamevuja siku nyingi. Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Kama limeliwa mabaka mabaka, hilo tairi limekuwa likirukaruka. Gari la namna hiyo likiletwa gereji kwa malalamiko kwamba nyuma haitulii, kuliongezea pleti ni kutibu ugonjwa mwingine.

Na kuna breki. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu karibu halitajwi. Hilux nyingi za zamani zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Nyuma ikishuka kwa mzigo, fimbo inasukuma, vali inaruhusu breki kubwa zaidi nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza ili matairi yasijifunge. Vali haijui kilo, inajua urefu tu. Ukiinua nyuma kwa pleti na usiirekebishe, gari lililojaa linaonekana kwake kama lenye mzigo mdogo. Pikapu yenye tani moja na zaidi inateremka mlima huku breki za mbele zikibeba karibu kazi yote, zinapata moto, na dereva anashangaa pedali inakwenda chini. Kazi ya kurekebisha fimbo hiyo si kubwa, na ni mara chache sana huiona ikifanywa.

Kwa hiyo gari ambalo kweli hushinda limejaa, kwenda na kurudi, liongezwe pleti, sina ubishi. Pikapu inayokwenda na mzigo na kurudi tupu, ambazo ndizo nyingi, ianze na shokapu mpya na bushi, zile mpira za kwenye maungio ya springi. Ikiwa bado inalala, itafutiwe seti ambayo pleti yake ya chini, ile ya msaada, ni nene na imekaa mbali na wenzake, haiguswi mpaka mzigo uingie. Ni ghali kuliko pleti za mtumba, ila fedha hiyo inarudi kwenye matairi. Na aliyeamua kuongeza pleti za kawaida amwambie fundi asiishie kwenye yubolti: akaze senta bolti, ile inayoziunganisha pleti katikati, sawasawa, arekebishe fimbo ya vali, apandishe taa za mbele zilizoinama, kisha yubolti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.