Kabla Hujanunua Saa ya Triathloni ya Bei ya Pikipiki

Ulizia saa ya GPS kwenye kundi lolote la wakimbiaji na wa kwanza kujibu atakutajia Garmin Fenix. Ni saa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini Fenix 8 ilipotoka 2024 bei yake ilianzia dola 1,000 hivi, na kwa fedha hizo mtu anakaribia kupata pikipiki ya bodaboda. Mimi ningekwambia uitazame kwanza Coros Pace 3, iliyoingia sokoni 2023 kwa dola 229.

Sababu yangu kubwa ni jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Saa nyingi za bei nafuu hujisifu kwamba zinapima kuogelea, baiskeli na mbio. Zinapima kweli, ila kila mchezo kivyake. Kwenye triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na mbio mfululizo, unatoka majini unahema, unavua miwani huku unaikimbilia baiskeli. Nani ana muda wa kusimamisha zoezi, kulihifadhi, kisha kutafuta jingine? Unataka ubonyeze mara moja tu, saa ihamie mchezo unaofuata na muda wa kubadilisha vifaa nao uhesabiwe. Garmin Forerunner 165, iliyotoka kwa dola 250, haina uwezo huo. Inabidi upande hadi saa kama Forerunner 265, iliyotoka kwa dola 450. Pace 3 inao.

Kwenye mbio, inapokea mawimbi ya setilaiti kwa masafa mawili. Ukikatiza katikati ya maghorofa ya Upper Hill, Nairobi, au Posta, Dar es Salaam, mawimbi yanayodunda ukutani hayaichanganyi kirahisi. Baharini usitarajie miujiza, kwa saa yoyote ile: kila mkono unapozama, mawimbi ya setilaiti yanakatika. Chaji, kwa mujibu wa Coros, inadumu saa 38 kwa GPS ya kawaida, ila ukiwasha masafa mawili inashuka hadi 15 hivi; mashindano mengi ya Ironman, yaani triathloni ndefu, hufungwa baada ya saa 17. Ina gramu 30 ukiivaa na mkanda wa nailoni. Unasahau kwamba umeivaa.

Kioo chake kinasomeka vizuri juani, ila ndani ya nyumba kimefifia. Ramani kamili haina, inakuonyesha mstari wa njia tu. Muziki utauingiza mwenyewe kwa faili za MP3. (Pace 2 iliyoitangulia ilikuwa na toleo lenye jina la Eliud Kipchoge. Hilo ni tangazo, si kipimo.)

Mapigo ya moyo yanayopimwa kwenye kifundo cha mkono nayaamini kwenye mbio za polepole. Ukianza kukimbia kwa vipindi vya kasi, nunua mshipi wa kifua wa kupima mapigo, na hakikisha mshipi huo unatumia Bluetooth, kwa kuwa Pace 3 haipokei ANT+, njia nyingine ya kuunganisha vifaa bila waya. Hata kipima nguvu cha zamani cha baiskeli chenye ANT+ pekee haitakiona. Kama unacho hicho na hutaki kukiacha, tafuta Forerunner 945 iliyotumika: ramani inayo, triathloni inayo, na ANT+ inapokea.