Msimwambie mamkubwa kwamba huzuni ndiyo iliyomtia saratani

Mamkubwa wangu wa Wete aligundua uvimbe kwenye ziwa lake mwezi mmoja tu baada ya kutoka eda. Waliokuja kumkagua wakakaa kwenye jamvi na kumwambia: "Majonzi hayo, shoga yangu. Umeyaweka moyoni, yamekutokea ziwani." Siku hizi maneno hayo yamevishwa utaalamu. Vijana wanatumiana kwenye simu kwamba serotonini ni homoni ya furaha, kwamba saratani ya ziwa ina vipokezi vyake, yaani pahala kwenye seli inapojishikiza, basi mgonjwa acheke apone.

Hilo linanichoma. Serotonini nyingi mwilini, kama asilimia 90, hutengenezwa tumboni, na hiyo ya kwenye damu haivuki kuingia ubongoni. Ziwa nalo hujitengenezea yake. Kila mama aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa ameiona kazi yake bila kuijua jina: maziwa yakijaa yasinyonywe, serotonini hukusanyika, hushika vipokezi vya seli, na seli hupunguza kutoa maziwa mpaka ziwa linywee. Watafiti waliochunguza seli za saratani maabara wameona mpango huo umevurugika. Ishara iliyokuwa ikizuia yaweza hata kuzichochea seli ziongezeke. Hayo ni mambo ya ndani ya ziwa lenyewe. Machozi ya mjane hayamo.

Wenye kumjali kweli wamuulize anameza nini. Mamkubwa hutumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya ziwa, kila siku, na dawa hiyo lazima ini liibadilishe ndipo ipate nguvu. Baadhi ya dawa za sonona zinazofanya kazi kwa serotonini, hasa paroksetini na fluoksetini, huzuia kimeng'enya, yaani kichocheo cha ini, kinachofanya kazi hiyo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotolewa mwaka 2010 ulikuta vifo vingi zaidi vya saratani ya ziwa kwa waliochanganya paroksetini na tamoksifeni. Sonona itibiwe, tena bila haya. Zipo dawa nyengine, kama venlafaksini, zisizokizuia sana. Wala mtu asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini mgonjwa wetu huonwa na daktari wa saratani Dar es Salaam, kisha akirudi Pemba huandikiwa dawa na mtu asiyeziona karatasi za kule.

Nimemshonea mamkubwa kifuko cha kanga. Dawa zake zote zimo humo, za huku na za ng'ambo, na kila akiingia kwa daktari humimina zote mezani.