"Usijali" haimsaidii mgonjwa

Mgonjwa anasema, "Naogopa upasuaji wa kesho." Muuguzi anajibu, "Usijali, utapona tu," huku akimfunga mkanda wa kupimia presha. Nia ni njema, lakini mazungumzo yameishia hapo. Mgonjwa ameahidiwa jambo lisilo mikononi mwa muuguzi. Mambo yakienda vibaya, hata maelezo ya dawa atayapokea kwa shaka.

Vuta kiti, kaa, macho yenu yawe usawa mmoja. Muulize, "Ni kitu gani hasa kinachokutia hofu?" Usimuulize "kwa nini", maana atajiona anahojiwa na ataanza kujitetea. Kisha nyamaza. Hata sekunde kumi za ukimya humchosha anayeuliza, lakini ndipo mgonjwa anapopata la kusema. Huenda kisu hakimsumbui kabisa. Anahofia nusu kaputi, kwamba atalala asiamke. Hofu hiyo ina mtu wa kuijibu: mwite mtaalamu wa usingizi azungumze naye kabla ya siku ya upasuaji.

Usikivu huu huleta ukaribu, na ukaribu usio na mipaka huleta madhara. Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, ni siri. "Nikwambie kitu, lakini usimwambie mtu." Usikubali haraka. Mweleze kabla hajaanza: "Nitakutunzia siri, ila likihusu usalama wako au wa mwingine, itanibidi niwaambie wenzangu wanaokuhudumia." Akikueleza kwamba anawaza kujiua, muulize waziwazi kama ana mpango na kama ana kifaa cha kuutimiza, kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, toa taarifa mara moja, andika kwenye faili. Aliyekwisha kuahidi kunyamaza hujikuta ama anavunja neno lake, ama anamwacha mtu hatarini.

Dalili nyingine za kuvuka mipaka huja polepole: kubadilisha zamu ili umhudumie yeye tu, kumpa namba yako binafsi, kumsimulia matatizo ya ndoa yako. Jiulize kama ungeweza kuliandika jambo hilo kwenye faili bila wasiwasi. Ukisita, mshirikishe msimamizi wa wodi leo hii. Lakini anayekimbilia upande wa pili, akaweka dripu na kuondoka bila kumtazama mgonjwa usoni, naye amekosea, ingawa ni nadra kukemewa.

Uhusiano huu una mwisho wake, na mgonjwa aujue mapema. Mwambie zamu yako inaisha lini na nani atakupokea. Siku ya kuruhusiwa, mpe namba ya kliniki, si yako.