Gangjin palikuwa pa kutupia watu, leo wanajivunia

Juzi kwenye grupu la tuliosoma pamoja mwenzetu katangaza kapangiwa ualimu Kilwa, na kila aliyejibu kaandika pole. Pole sana, komaa mwaka mmoja halafu tafuta uhamisho. Na mimi mzaliwa wa Kilwa Kivinje nasoma hayo nikiwa kwenye basi huku Korea Kusini, natoka jiji la Gwangju kurudi Gangjin ninakokaa, dirishani vinapita vile vibao vya kahawia vya kuonyesha sehemu za historia, damu ikanichemka.

Gangjin ni shamba jamani. Kusini kabisa ya Korea, ghuba imeingia ikaigawa wilaya kama miguu ya suruali, kaskazini mlima Wolchulsan, kilichobaki mpunga na bahari. Kama kilomita za mraba 500 tu, Kilwa inaimeza zaidi ya mara 20. Na zamani kuletwa huku ilikuwa adhabu kweli, siyo ya kusemwa tu, serikali ya Joseon, ufalme uliotawala Korea enzi hizo, ukiiudhi inakutupa mbali na mji mkuu. Jeong Yak-yong, msomi mkubwa, alitupwa Gangjin mwaka 1801 kwa kuhusishwa na Wakatoliki, watu wanamwogopa, mama mmoja mwenye kilabu cha pombe ndiye aliyempa chumba. Akakaa mpaka 1818, akaandika vitabu chungu nzima, kimojawapo kinawaambia wakuu wa wilaya wasiwanyonye wananchi. Hata mabaharia wa Kiholanzi waliovunjikiwa na meli kisiwa cha Jeju mwaka 1653 waliwekwa miaka kadhaa kwenye ngome ya Byeongyeong, hapahapa.

Sasa nenda leo. Kile kilabu kimejengwa upya, kibanda cha Jeong kule mlimani kina njia na maelezo, Waholanzi wana makumbusho yao. Vyungu vya kijani vya enzi ya Goryeo, ufalme wa kabla ya Joseon, vilivyokuwa vinachomwa Gangjin na kupelekwa kwa meli mpaka kwa wafalme, ufundi wake ulikuwa umepotea, wakaufufua miaka ya 1970. Mzee wa hapa ukimuuliza anakuhadithia yote hayo kama habari za babu yake.

Najua mtakachosema, kakaa Korea kidogo ameanza kutudharau. Namdharau nani, nyumbani kwangu? Mwingine atasema wenzetu wana hela. Hela wanazo, lakini kumwambia mtu pole kwa kupangiwa Kilwa kunahusiana vipi na hela? Na sisemi Gangjin ni peponi, vijana wamekimbilia Gwangju na Seoul, kuna vijiji unakutana na wazee watupu, kwa hilo Kilwa imewazidi mbali.

Lakini Kilwa hiyo mnayoililia ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe! Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331 akausifu mji kwa uzuri. Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, ipo, Msikiti Mkuu upo, UNESCO wameuandika urithi wa dunia tangu 1981. Kivinje ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, mtu aliyeukataa utawala wao. Huko ndiko mnakokuona jalala la watumishi?

Mwalimu, wasikutishe hao. Ukifika Kilwa Masoko panda boti uvuke Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, uone kwa macho yako, halafu njoo Kivinje uulize kwetu, shangazi zangu wapo, hutalala njaa, na hiyo barua ya uhamisho usiiandike kwanza.