Siyo Uwanga, Ni Unga

Mimi mwoka mikate. Naingia kazini saa nne usiku, watu wa Tandika wakifunga makomeo, natoka saa kumi alfajiri. Huo mkate unaoula na chai ya rangi haukuota mtini. Kuna mtu kaukanda tumbo wazi, tanuri linamchoma mgongo. Sasa mtu huyo akirudi nyumbani, mweupe kuanzia nywele hadi kope, macho mekundu, anaitwa nani? Mwanga, mchawi wa usiku!

Sungusungu wananisimamisha kila siku palepale kwenye mwembe. "Simama! Mtu au jini?" Jamani, kuna jini atakayejibu "jini"? Halafu tochi hawamuliki usoni, wanamulika miguuni, wanatafuta kwato. Kandambili zangu zimekaguliwa kuliko kitambulisho changu.

Na masharti ya usiku ndiyo yananimaliza. Usiku usipige mluzi. Usikate kucha. Usifagie, utafukuza riziki. Juzi kifungo kimeng'oka, nakwenda dukani kuomba sindano, muuzaji ananitazama kama nimeomba roho ya mwanawe: "Sindano usiku haiuzwi, kaka." Nije mchana? Mchana nimelala! Usiku ndiyo mchana wangu mimi. Kwa masharti haya niishi na kucha kama mwewe, shati wazi, na chumba hakijafagiwa tangu Idi.

Mwaka 2007 ndiyo nusura nife. Popobawa, lile jitu la usiku la Pemba, kavuka maji, kaingia Dar. Bibi yangu wa Pemba alikuwa ametusimulia ya 1995, mwaka wa uchaguzi, vijiji vizima vinakesha nje vinaota moto. Jitu lenyewe, ukiacha hayo mengine tusiyoyataja mbele ya watoto, lina sharti moja: likikutembelea uwatangazie watu, usipotangaza linarudi. Nami ndiyo kwanza nina wiki moja kiwandani. Narudi alfajiri, nafungua geti la uani, kumbe wapangaji wote wamelala mkekani nje. Geti likalia kriiii. Mtoto akafumbua macho, akaniona. Mpaka leo ndoo yetu ya maji haijapatikana.

Nacheka, lakini siyo sana. Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Mimi moshi wangu ni wa tanuri.

Basi, mwezi uliopita mwenzangu kazini katoka Morogoro na ungo mzuri, kazi ya mkono. Mama Zuhura ananidai ungo tangu mwaka jana, anapepetea mchele kwenye sinia. Nikaununua. Natoka kazini, mvua ya rasharasha. Wewe ungefanya nini? Nikajifunika ungo kichwani, shati nimelikunja kwapani lisilowe, nikakata mitaa. Nafika uani, mama mwenye nyumba huyo anatoka chooni na kopo lake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliliweka kopo chini taratibu, akasema, "Shikamoo, Baba Zuhura."

Mama ana miaka sabini na kitu! Miye wa kuamkiwa naye? Nikabaki nimeushikilia ungo, unga unanichuruzika na maji ya mvua, najitetea: "Mama, ni wa kupepetea mchele." Akasema, "Naam, naam," anarudi kinyumenyume hadi mlangoni kwake.

Tangu siku hiyo kodi hajaidai. Foleni ya bombani napishwa. Nimemweleza mke wangu twende tukaliweke sawa, ananiambia ngoja kwanza mwezi uishe.

Ila jana ndiyo nimechoka. Jirani wa chumba cha tatu kanivuta pembeni, anaongea kwa kunong'ona. Ana msiba Sumbawanga, mazishi kesho, na basi kwenda kule unajua lilivyo. Akauliza kama usiku nitakuwa na nafasi. Abiria mmoja tu, na hana mzigo.