Nilichapwa kwa Herufi Isiyotamkwa

Jamani, hivi hawa watoto wa siku hizi hapa Dodoma wanajua Kiingereza tulikipata kwa bei gani? Mjukuu wangu anakiongea na katuni za kwenye runinga, kajilaza, miguu juu ya kochi. Sisi tulikisomea chini ya mbuyu huko Kongwa. Ubao umeegemezwa kwenye shina, upepo wa Julai unauangusha, na anayechapwa ni aliyekaa karibu nao.

Baada ya 1967 shule ya msingi ilikuwa Kiswahili mtupu, Kiingereza somo moja tu. Lakini hilo moja! Mwalimu anaingia na fimbo mbichi ya mkwaju kaificha nyuma, utadhani katuletea zawadi. "Imla!" Tumbo linakata. Anatamka "naifu", unaanza na N, roho kwatu. Kumbe mbele yake ilitakiwa K! Inafanya nini pale? Haisemi, haijibu, imekaa tu. Ukiuliza, unaambiwa nyoosha mkono.

Sasa mjukuu kanisomea kwenye simu: ati hiyo K Waingereza waliitamka kabisa, wakaja kuiacha karne ya 17, ila vitabu vilikuwa vimeshachapwa nayo. Na mimi nikachapwa nayo! Watu wachoke ndimi huko London, mikono ivimbe Kongwa.

Kidato cha kwanza ndiyo usiseme. Jiografia, baiolojia, hesabu, vyote Kiingereza kwa mkupuo. Ukinaswa na Kiswahili unavishwa kibao shingoni, hukivui mpaka umnase mwenzio. Nusu ya darasa tukawa mabubu. Mwalimu mwenyewe akipandwa na hasira anatufokea kwa Kiswahili, tena cha methali, na hakuna wa kumvisha.

Nilichotoka nacho ni ule wimbo wa I kutangulia E isipokuwa baada ya C. Tuliuimba mpaka mbuzi wa jirani wakaujua. Halafu likaja "seize" kutuharibia, tukala fimbo upya.

Basi juzi shule ya mjukuu ikaniletea barua ya ada, Kiingereza mwanzo mwisho. Nasoma, nakutana na "recieve". Mungu si Athumani! Nikatafuta kalamu nyekundu, nikazungushia, nikaandika pembeni "See me", nikamkabidhi mtoto airudishe.

Jioni ukaingia ujumbe kwenye simu, kwa Kiswahili: "Asante kwa masahihisho, mzee. Ada je?"