Shangazi Kaumwa Tena

Wiki iliyopita msimamizi wetu kaniuliza mbele ya jiko zima: "Hebu nambie, huyu shangazi yako wa Wete, kila baada ya miezi mitatu anaumwa, tena Jumanne. Maradhi yake yana kalenda?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kuwashinda wao, maana asiyecheka ndiye anayechunguzwa.

Shangazi haumwi. Ana miaka 70 na ushei, na msimu ukifika anakaa kitako kuchambua karafuu mpaka usiku. Mwenye kliniki ni mimi.

Napika hotelini huku Nungwi. Nameza kidonge kimoja kwa siku, na huu mwaka wa sita virusi vya Ukimwi havionekani kwenye kipimo, alhamdulillahi. Visivyoonekana havimwambukizi mtu hata kitandani, seuze kwenye biriani. Wapishi tunapimwa, na tupimwe: choo, kifua, homa ya matumbo. Hayo ndiyo ya kumwogopea mpishi. Langu halipiti kwenye chungu. Lakini nenda kamweleze hivyo mtu aliyekwisha kunong'onezwa kuwa fulani kaukwaa.

Kidonge chenyewe si mzigo. Siku za kawaida saa tatu usiku, Ramadhani baada ya futari, basi. Simu ikilia saa ile vijana wa jikoni wanadhani ni mchumba, nami siwakatalii. Chupa tu ndiyo mbea, inalia mkobani kama njuga. Nimeishindilia pamba.

Kinachonichosha ni ruhusa. Napanda daladala 116 alfajiri kwenda mjini, nasubiri, natolewa damu, nachukua dawa, narudi, siku imekwisha. (Msiniambie nihamie kituo cha karibu. Kwa udogo wa kisiwa hiki, anayeita majina pale atakuwa wifi wa mtu ninayekatanaye vitunguu.) Ukiomba siku, unaulizwa unaumwa nini. Ukisema unaumwa, lete karatasi. Na karatasi ina muhuri wa kliniki ambayo hata muuza urojo wa nje anajua ni ya nini. Sasa nifanye nini? Nimeshamlaza shangazi kwa presha, nikamlaza kwa sukari, nikamvunja nyonga. Mwaka juzi nilimfisha ami ambaye alikufa nami sijazaliwa.

Kwani karatasi ikiandika tu kuwa huyu alikuwa hospitali, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, hoteli itaanguka? Shirika la Kazi Duniani lilishasema tangu 2010, katika Pendekezo namba 200, kuwa mfanyakazi asilazimishwe kupimwa wala kutaja hali yake. Wala hatukuhitaji kungojea Geneva kutufundisha hilo. Sisi si ndio watu wa sitara? Si tunalelewa tangu chuo cha Kurani kuwa aibu ya mwenzio uifunike? Basi sitara hiyo inaishia mlango wa jikoni, ukivaa aproni huna tena siri?

Halafu ikifika tarehe 1 Disemba, Siku ya Ukimwi Duniani, tunapongezwa: Zanzibar maambukizi chini ya asilimia 1, Bara zaidi ya 4. Nafurahi, wallahi. Lakini uchache huo ndio unaotuumiza. Huko kwenye wengi, kila nyumba ina mtu wake. Huku ukijulikana, unakuwa wewe ndiye yule.

Msimamizi wangu, nikitaka kuwa mkweli, si mtu mbaya. Ana zamu za kupanga na wageni hawajui habari za shangazi. Na mimi sijamwambia kitu, kwa hiyo hawezi kunisitiri jambo asilolijua. Haya, nimekubali. Lakini asiulize mbele ya watu.

Usiku ule nilimpigia shangazi. Katika ukoo mzima ndiye anayejua, yeye peke yake. Nikamwomba radhi kwa maradhi yote niliyomtwika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mimi niuguze tu," akasema. "Ila uwe unanambia mapema naumwa nini. Mtu wa kazini kwenu kakutana na kaka yako bandarini Mkoani, kampa pole ya nyonga. Mtoto wa watu kababaika, hajui ajibu nini."